Gesi kuisha upesi, na mengine

Habari za asubuhi wapendwa. Wengi mmenifuata inbox kuhusu gesi kuisha upesi, naona niweke hapa tusome wote.

Maharage yaloweke tangu usiku. Asubuhi mwaga yale maji, bandika na mapya, yakichemka funika na upunguze moto. Moto mkubwa hapo unakausha maji tu, hauivishi haraka. Nyanya na ndimu zisubiri yalainike kwanza, uchachu unayachelewesha. Magadi yanasaidia, ila kidogo sana; yakizidi mboga inanuka sabuni, na watoto wa siku hizi wanavyochagua!

Sufuria ikiungua, chemshia maji yenye sabuni dakika kumi, acha ipoe, ukoko utabanduka kwa mwiko wa mbao.

Mkibadilisha mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa viputo, gesi inavuja: funga mtungi, fungua madirisha, usiguse hata swichi ya taa.

Na tafadhali sana, Jik isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya choo. Inaweza kutoa hewa ya sumu, na vyoo vyetu vingine havina hata dirisha.

Na wenye kuuza vitenge, matangazo yenu humu ni Jumamosi, kama tulivyokubaliana.