Pimeni kwanza ndo mseme kompyuta nzito

Mhariri salamu, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hapa Tanga kuna katabia kananikera, ofisi ikichelewa kutoa ripoti kila mtu anasema kompyuta nzito, fundi anajibu ongezeni ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, au nunueni mpya, basi hela inatoka na hakuna aliyepima chochote. Kupima kwenyewe bure jamani! Kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, unafungua dirisha la kuandikia amri, unaandika time kisha amri yako, unabonyeza enta, ikimaliza inakuletea namba tatu, real, user na sys.

Real ni muda wa saa ya ukutani, toka umebonyeza mpaka imeisha. User ni muda prosesa, ubongo wa kompyuta, iliohangaika na programu yenyewe, sys ni ule ilioutumia kwenye kerneli, kiini cha Linux, kwa ajili ya hiyo programu, mambo ya kufungua mafaili na kadhalika. Sasa utamu uko hapa, real ikisoma dakika 2 halafu user na sys ukizijumlisha hazifiki hata sekunde 5, mara nyingi prosesa haina kosa, muda mwingi ilikuwa imekaa tu kama konda anasubiri gari lijae, inangoja diski, au mtandao, au kompyuta nyingine huko iijibu. Hapo hata ulete prosesa ya bei mbaya nayo itangoja vilevile. Anayebisha aandike time sleep 5, yaani amri ya kulala tu sekunde 5, aone, real sekunde 5 na ushee, user karibu na sifuri. Na user ikizidi real msishtuke, programu ikigawa kazi kwenye kori kadhaa, yaani vichwa vya prosesa vinavyofanya kazi kwa pamoja, muda wa kila kori unajumlishwa.

Halafu kuna huu mchezo wa kupima mara moja. Raundi ya kwanza faili linasomwa toka kwenye diski, ya pili Linux mara nyingi inalo tayari kwenye ramu so inatoka mbio, fundi kagusagusa setingi mbili katikati anasema nimeitibu! Hajatibu kitu huyo. Irudieni amri mara kadhaa KABLA hajagusa, ndo mrudie tena akishamaliza.

Wenye Windows wana amri ya Measure-Command ndani ya PowerShell, dirisha lao la kuandikia amri, ila yenyewe inatoa muda wa saa tu, na majibu ya amri haikuonyeshi.

Kwahiyo wakuu wa ofisi, fundi akileta bei mwambieni aambatanishe na hizo namba, za kabla na za baada. Akinuna mpeni soda aende zake.

Fundi wa Ngamiani,
Tanga