Popo wa Pemba haishi pangoni

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka kumi na tisa sasa na sijawahi kuwaandikia. Ile habari yenu ya popo imenishinda kunyamaza. Mmesema popo wa Pemba "sasa wamezidi", kisha mkaweka picha ya popo mdogo ananing'inia pangoni. Popo wetu haingii pangoni. Analala juu ya miti mikubwa mchana kutwa, jua linamwakia, na akikunjua mbawa zinapita mita moja na nusu. Huyo wa picha yenu ni mla wadudu. Wetu anakula matunda, na mbegu anazozidondosha ndizo zinazootesha msitu.

Wamezidi nini? Mwaka 1989 walikuwa wamebaki wa kuhesabika kwa vidole, kwa bunduki na kukatiwa misitu. Wamerudi mpaka kupita 20,000 kwa sababu watu wa Kidike na vijiji vingine waliamua kuwalinda. Jike anazaa mtoto mmoja tu kwa uzazi. Shoka la siku moja linaondoa kazi ya miaka.

Na shoka nimeliona. Mwaka jana ulikatwa msufi uliokuwa makaburini kwetu, mti ambao hata wazee wetu walikuwa hawauvunji tawi, na popo wamelala juu yake. Ulipoanguka, anga liligeuka jeusi, kelele tupu. Chini nilimkuta mama popo amekufa, mtoto bado amemng'ang'ania kifuani, macho wazi. Nilipomnyanyua alishika kanga yangu kwa kile kikucha cha dole gumba, hataki kuachia. Sikujua nimpe nini. Alikufa kabla ya adhuhuri. Msimamizi wa ile kazi akaniambia, "Bibi, popo ni popo tu." Mbao zilipakiwa jioni hiyohiyo.

Na hawa wageni wanaopiga makofi chini ya miti ili popo waruke wapate picha, nao waachishwe. Mnyama wa usiku anaamshwa saa saba mchana, na mtoto wake kifuani!

Kila sheha mwenye mti wa popo akae chini yake jioni ya kwanza ya mwezi, kabla ya Maghribi, awahesabu wanapotoka, aandike kwenye daftari na hesabu aibandike barazani. Wakipungua, aulizwe yeye.

Nanyi badilisheni ile picha. Ukurasa uleule, ukubwa uleule.

Bibi wa Pemba