YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAMERA MTEGO SITA ZILIZOUZWA KWA SIFA ZISIZOKUWA NAZO

Kikosi cha Askari Wanyamapori wa Vijiji,
Tarafa ya Idodi,
Wilaya ya Iringa.
21 Oktoba 2024

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 10 Juni mwaka huu, kwa niaba ya kikosi chetu, nilinunua dukani kwenu Kariakoo kamera mtego sita, yaani kamera za kutegwa porini zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, kwa bei ya shilingi 145,000 kila moja, pamoja na kadi sita za kumbukumbu za gigabaiti 32 kwa shilingi 15,000 kila moja. Jumla ilikuwa shilingi 960,000, na nakala ya risiti ya mashine ya kodi (EFD) nimeiambatanisha. Tangu mwezi Agosti nimewapigia simu mara tatu na kuwaandikia ujumbe mara mbili, na jibu pekee nililopewa kwa maandishi ni kwamba "kamera za bei hii ndivyo zilivyo". Naandika barua hii kulipinga jibu hilo.

Naomba kwanza nieleze tulivyofika dukani kwenu, maana sipendi mdhani kwamba tulikurupuka. Eneo letu linapakana na Hifadhi ya Taifa Ruaha, na tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, hivyo kadiri miezi ya ukame inavyosonga wanyama hujikusanya kwenye madimbwi machache yaliyosalia. Kazi yetu ni kujua ni nani anakunywa wapi na saa ngapi, kuanzia tembo, nyati, pofu na swala pala hadi simba na chui wanaowafuata, ili doria zipangwe panapostahili na jumuiya yetu ya hifadhi ya wanyamapori ijue ina wanyama gani kabla ya kukaa mezani na wawekezaji. Miaka yote tumetegemea nyayo, kinyesi na macho ya askari aliyekesha juu ya mti. Tulipopata akiba kidogo tukaamua kununua kamera, na kwa kuwa akiba yenyewe ilikuwa kidogo kweli, tulikubaliana tangu kikao cha kwanza kwamba tutanunua za bei nafuu na kuacha yote tusiyoyahitaji.

Kamera zinazotuma picha kwa mtandao wa simu tuliziondoa mara moja, kwa sababu kwenye madimbwi yetu hakuna mtandao wowote. Video hatukuihitaji, wala kioo kikubwa cha kutazamia picha. Tulibakiwa na mahitaji manne: picha itakayotuwezesha kumtambua mnyama, kamera itakayowahi kupiga kabla mnyama hajapita, mwanga wa usiku ambao binadamu hawezi kuuona, na kasha lisilopitisha vumbi. Kuhusu kasha sina neno, kwa maana vumbi lote la Agosti lilibaki nje kama mlivyoahidi. Malalamiko yetu yako kwenye hayo mengine matatu.

Nianze na picha, kwa sababu ndiyo hasa iliyotufanya tuchague kamera zenu na kuiacha nyingine iliyokuwa ikiuzwa shilingi 20,000 pungufu. Boksi lenu na tangazo lenu vyote vinasema megapikseli 36, yaani picha iliyoundwa kwa vitone milioni 36. Katika eneo letu wanapatikana tandala mkubwa na tandala mdogo, na majike wa aina zote mbili hawana pembe, kwa hiyo picha inapomwonyesha jike peke yake, mbali na kitu cha kulinganishia kimo, tunategemea kuhesabu mistari myeupe ubavuni. Tandala mkubwa kwa kawaida huwa na mistari sita hadi kumi, na tandala mdogo huwa nayo kumi na moja au zaidi. Nimekaa jioni nyingi mbele ya kompyuta nikijaribu kuihesabu mistari hiyo kwenye picha zenu za wanyama waliosimama wima, mchana, umbali wa mita nane, na kila nikiikuza picha, mistari inayeyuka na kuwa ukungu. Katika daftari la kikosi zipo kurasa mbili zilizoandikwa "tandala" tu, bila mkubwa wala mdogo, jambo ambalo askari wetu aliyekesha juu ya mti hakupata kuliandika hata siku moja.

Tuliamua kupima wenyewe. Tulitundika ubao wenye namba za urefu wa sentimita tano kwenye ukuta wa ofisi, tukaweka kamera mita nane kutoka hapo, tukapiga picha kwa kiwango cha megapikseli 5 kisha kwa kiwango cha megapikseli 36 bila kuisogeza. Namba zilizosomeka kwenye picha ya kwanza ndizo zilizosomeka kwenye ya pili, na zilizofifia kwenye ya kwanza zilififia vilevile kwenye ya pili. Tofauti pekee ni kwamba faili la picha ya pili lilikuwa zito mara kadhaa, na hivyo kuijaza kadi upesi bila faida. Maelezo yake yanafahamika kwa mtu yeyote anayefanya biashara hii: kifaa cha kunasia picha kilichomo ndani ni kidogo, na vitone vinavyozidi uwezo wake hubuniwa na programu ya kamera kwa kukisia rangi inayofaa kukaa kati ya vitone viwili vya kweli. Najua kwamba si ninyi pekee mnaofanya hivyo, kwa maana mtindo huu umeenea mno kwenye kamera za bei nafuu. Hata hivyo, aliyeandika 36 kwenye tangazo la Kiswahili la duka lenu ni ninyi, na kamera ya megapikseli 5 za kweli, iliyotangazwa hivyo, tungeinunua na ingetutosha.

Kuhusu wepesi wa kupiga, boksi linasema sekunde 0.3. Tulisimamisha simu mbele ya kamera ikiwa imefunguliwa saa ya kuhesabu sekunde, askari mmoja akajitokeza ghafla mbele ya kamera kwa wakati uleule mwenzake alipobonyeza kuianzisha saa, kisha tukasoma sekunde zilizoonekana kwenye picha iliyopigwa. Tulirudia mara 20, na tulifanya hivyo alfajiri kwa makusudi, kwa sababu kihisi cha kamera hizi hutambua tofauti kati ya joto la mwili na joto la mazingira, na mchana wa Idodi tofauti hiyo hupungua sana. Hatukutaka mseme kwamba tulichagua saa mbaya. Muda mfupi kabisa tulioupata ni sekunde 1.2 na mrefu kabisa ni 1.7. Hata tukipunguza uzito wa kidole cha aliyekuwa akibonyeza, hatufiki karibu na 0.3. Matokeo yake porini ni kwamba tunayo maktaba nzuri ya mikia. Swala pala anayekunywa maji husubiri kupigwa picha, lakini chui anayepita njiani hasubiri, na huyo ndiye tuliyekuwa tukimtafuta.

Jambo la tatu ndilo lililotugharimu zaidi. Kamera za aina hii humulika usiku kwa miale ya infraredi, na miale hiyo huja kwa namna mbili zinazojulikana: ya nanomita 850 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ambayo humulika mbali zaidi lakini taa zake huonekana kama vitone vyekundu kwa mtu anayezitazama, na ya nanomita 940, ambayo haionekani kwa macho ingawa humulika karibu zaidi. Nilimweleza muuzaji wenu kwa mdomo kwamba tunahitaji ya 940 kwa sababu madimbwini kwetu hawaji wanyama peke yao. Akanionyesha boksi, na boksi limeandikwa 940 na maneno "mwanga usioonekana kabisa". Usiku wa kwanza tulipozitega, askari aliyesimama hatua kumi mbele ya kamera aliona vitone vyekundu vikiwaka kama makaa ya sigara. Tulipofungua sehemu ya betri tulikuta kibandiko kidogo kilichoandikwa 850. Picha ya kibandiko hicho na picha ya boksi lake nimeziambatanisha pamoja ili mzione zikiwa ubavu kwa ubavu. Kwa kuwa hatukuwa na nyingine, tuliendelea kuzitumia, na usiku wa tarehe 2 Septemba, usiku wa giza totoro, kamera iliyokuwa kwenye dimbwi la mbali kuliko yote ilikatwa mkanda na kuchukuliwa. Askari waliokwenda kuikagua walikuta kipande cha mkanda na nyayo za watu wawili waliotembea kutoka upande wa maji moja kwa moja hadi kwenye mti, bila kuzungukazunguka kama mtu anayetafuta kitu.

Kwa kuwa nataka haki, sina budi kutaja na yaliyo yetu. Wiki ya kwanza hatukufyeka majani mbele ya kamera mbili, na upepo ukatuletea picha zaidi ya 4,000 za nyasi; kosa hilo ni letu. Betri kwisha ndani ya wiki tatu, wakati tangazo linataja miezi minane, hatulifanyi hoja, kwa sababu tunaelewa kwamba miezi hiyo huhesabiwa kwa kamera iliyokaa tu bila kupiga. Kamera moja aliing'oa tembo kwenye mgunga akaikanyaga, na picha ya mwisho iliyookolewa kwenye kadi inaonyesha ngozi ya mkonga na si kitu kingine. Mhudumu wenu alinikumbusha kwa kicheko kwenye simu kwamba dhamana ya miezi 12 haihusu tembo. Hatukuwa tumeiombea kamera hiyo chochote, wala hatuiombei leo.

Kwa kamera tano zilizosalia, ikiwemo ile iliyoibwa, tunaomba mturudishie shilingi 725,000, au mtupatie kamera nyingine tano, hata ziwe za bei ileile, ambazo uwezo halisi wa picha umeandikwa na ambazo miale yake ni ya nanomita 940 ndani na nje ya boksi. Natambua kwamba mtabishana nasi juu ya hiyo iliyoibwa. Hoja yetu ni kwamba tuliilipia kamera isiyoonekana usiku, mkatupa inayoonekana, na ikaonekana. Tunaomba pia tangazo lenu lirekebishwe, kwa sababu vikosi viwili vya jirani vimetuuliza tulinunua wapi.

Huenda mtanijibu kwamba rahisi ni ghali. Methali hiyo inamfaa mnunuzi aliyeelezwa ukweli wa kitu akakidharau kwa kupenda bei yake. Sisi tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeandikwa ng'ombe.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu kupokea barua hii. Tusipoyapata, tutawasilisha shauri hili pamoja na vielelezo vyote kwenye Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Kamera nne tulizonazo zimeshafungwa kwenye maboksi yake zikiwa na vibandiko vyake, na tutazipakia kwenye basi la Dar es Salaam siku mtakayotuambia, mradi nauli ya mzigo ilipwe na ninyi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kikosi cha Askari Wanyamapori wa Vijiji.

Nakala: Mwenyekiti, Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori.