Kitabu ni changu, barua je?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Kwa miaka ishirini na ushei nimekusanya vitabu vya Kiswahili vya chapa ya kwanza vyenye sahihi za waandishi. Mke wangu huviita makaratasi, na kwa unyevu wa huku pwani mara nyingine hakosei.

Mwaka jana nilichomoa riwaya ya miaka ya 1970 kwa muuza vitabu vya mitumba Dar es Salaam, shilingi 4,000. Mwanzoni ina sahihi ya mwandishi, sasa ni marehemu, na jina la mwanamke aliyezawadiwa kitabu hicho. Kufika nyumbani nikakuta ndani barua ya kurasa mbili, imeandikwa kwa wino, imebanwa na pini iliyoota kutu. Nikaitoa pini taratibu, nikasoma. Heri nisingesoma. Mwandishi anamwomba radhi mwanamke yule kwa kumkana mtoto wao, na mtoto amemtaja kwa jina.

Mtoto huyo namjua. Ni mama mtu mzima sasa, nanunua vitumbua kwake kila asubuhi. Ananiita Mwalimu.

Sasa amejitokeza mnunuzi. Anatoa shilingi 1,500,000 kwa kitabu na barua pamoja. Kitabu kitupu hakitaki hata kwa laki mbili. Simlaumu, barua ndiyo inayoithibitisha sahihi na kueleza kitabu kilikuwa cha nani. Na bati la nyumba yangu linavuja.

Rafiki yangu wakili anasema karatasi ni yangu, ila maneno ni ya warithi wa mwandishi mpaka ipite miaka 50 tangu afariki. Kuuza naweza, kuchapisha siwezi. Jibu zuri, lakini silo nililokuwa nikilitafuta. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge tunazisoma leo, lakini zile alizitunza aliyeandikiwa mwenyewe. Hii pengine ilitoka na maboksi ya vitabu baada ya msiba, hakuna aliyefunua.

Nimpelekee yule mama barua yake, nipoteze fedha? Nimpe nakala, halisi niiuze? Au ninyamaze, maana huenda hajui lolote na amani yake ndiyo hiyo? Na nikiamua kumwambia, naanzaje, pale kwenye karai la mafuta, wateja wamepanga foleni?

Mnunuzi anarudi Jumamosi.

Mwalimu wa Makaratasi,
Tanga