Redio ikikwaruza, msikimbilie amplifaya

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge jibu mlilompa msomaji ambaye kipokezi chake cha kidijitali, yaani redio inayosikilizwa kupitia kompyuta, kinakwaruza. Mlimshauri anunue amplifaya ya antena, kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi. Mimi ni fundi redio, na vipokezi vya aina hiyo ninavyoletewa vingi vina ugonjwa wa kinyume: mawimbi yanayoingia yamevizidi nguvu.

Dalili aliitaja mwenyewe. Alisema kwenye megahezi 119, masafa ya marubani, anasikia muziki umechanganyika na mazungumzo ya watangazaji. Stesheni za FM zinaishia 108. Zikisikika 119, hazikutoka angani, zimezaliwa ndani ya kipokezi. Kipokezi kilichozidiwa huyachanganya mawimbi na kuzaa mapya. Chukua stesheni mbili zenye nguvu, moja 95 na nyingine 107. Zidisha 107 mara mbili, toa 95: unapata 119. Huo ndio mzimu wake, na ndiyo maana unabeba sauti za stesheni mbili kwa pamoja.

Vipokezi vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta vingi hugeuza mawimbi kuwa namba za biti 8, yaani viwango 256 tu. Kinadharia hiyo ni nafasi ya desibeli (kipimo cha tofauti ya nguvu) 50 hivi kati ya wimbi dhaifu na lenye nguvu. Likizidi hapo, kilele chake hukatwa, na kilichokatwa hakuna programu itakayokirudisha. Tena linalokizidi kipokezi si lazima liwe lile unalolisikiliza!

Azime geini (kiwango cha kukuza mawimbi) ya kujirekebisha yenyewe, kisha aishushe kwa mkono hatua kwa hatua huku akitazama grafu ya masafa. Kelele zikishuka na stesheni dhaifu ikasikika vizuri zaidi, jibu amelipata. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kipunguza nguvu cha desibeli 10, kinachofungwa kwenye waya wa antena. Stesheni ya kweli itashuka 10, mzimu wa namna hii utashuka karibu 30. Tofauti hiyo huionyesha grafu waziwazi, huhitaji sikio la fundi.

Akishahakikisha, atafute filta ya kuzuia FM. Na kama amplifaya ameshainunua, filta ikae kati yake na antena. Ikikaa baada ya amplifaya, mawimbi yatakuwa yameshaharibika kabla hayajaifikia.

Fundi redio, msomaji wenu wa kila siku