Kadi ya Marehemu

Langoni, Lamu

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote, hata ile uliyoshindwa kuimaliza kwa kilio. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili la Salim kupigiwa simu adaiwe deni la kadi ya mkopo ya marehemu kakako lataka kusomwa pole pole. Mpigie picha waraka huu Salim huko Seattle, ausome mwenyewe.

Kwanza muulize: kadi ile aliipataje? Alijaza fomu ya mkopo pamoja na mjombake na kutia sahihi, au marehemu aliiambia benki tu impe na kijana kadi yenye jina lake? Unavyonieleza ni hili la pili. Basi Salim ni mtumiaji aliyeidhinishwa, na mwenye akaunti ni kakako peke yake. Huko Marekani, mtumiaji wa namna hiyo kwa kawaida hadaiwi, hata kama vitu vingine alivinunua yeye. Mtoto akitumwa dukani kwa daftari, unga kaubeba yeye, lakini jina lililoandikwa ni la babake. Angekuwa mwenye akaunti wa pamoja ningekwambia mengine.

Anayempigia simu si benki, ni kampuni ya kukusanya madeni. Wameona jina lake kwenye akaunti, wanabahatisha. Asibishane nao. Awaandikie kwamba deni halitambui, wamwonyeshe alipotia sahihi, na nakala aiweke. Sheria yao ya mwaka 1977 inampa siku 30 tangu apate taarifa ya deni. Akiandika ndani ya muda huo, lazima waache kumdai mpaka walete uthibitisho. Na akiliona deni hilo kwenye rekodi yake ya mikopo huko Equifax, Experian au TransUnion, kampuni zinazoweka rekodi hizo, aombe liondolewe.

Najua kinachomuuma, na wewe pia. Kwetu jeneza halijanyanyuliwa, mtu husimama akatangaza: anayemdai marehemu aje kwa jamaa zake. Salim kakulia hapo Malindi akiyasikia hayo, kwa hiyo mtu akimwambia kwa simu kuwa mjombake amelala kaburini na deni, moyo unamwenda mbio. Lakini hata kwa sheria yetu, deni hutolewa katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana, si mfukoni mwa mpwa anayetafuta karo. Huko nako benki hudai katika alichoacha marehemu, kisipotosha mara nyingi hasara ni yao. Siku moja akitaka kulipa kwa mapenzi yake, Mungu amlipe. Ila huyo wa simu asimpe hata dola 10 za "heshima", wala asiahidi kitu. Na kadi yenyewe asiitumie tena, hata kwa petroli. Kuitumia baada ya kifo cha mwenyewe ni kosa.

Ninayemhofia ni wifi yako, mjane wa marehemu. Jimbo la Washington ni katika majimbo yanayohesabu mali na madeni ya ndoa kuwa ya mume na mke, kwa hiyo kwake kusema "jina langu halimo" huenda kusitoshe. Asikubali lolote kwa simu mpaka aonane na wakili. Mwambie leo, usingoje arubaini.

Barua ya hao watu ikifika, Salim anitumie picha, mbele na nyuma. Maandishi madogo huwa nyuma.

Nisalimie mama.

Wako,
Khadija