Ufunguo wa choo na habari yenu ya tumbo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu niko skuli na sijapata kukuandikia. Mlikosea matokeo ya mpira, nikanyamaza. Tangazo la kifo cha ami yangu mlilitoa hitma imeshasomwa, nikanyamaza. Lakini ile habari ya ukurasa wa afya ya wiki iliyopita, kwamba tumbo la IBS, yaani utumbo unaouma na kuvuruga choo ingawa vipimo havioni kitu, ni gesi za watu wenye mawazo mengi, imenishinda.

Mwandishi wenu angeuliza kwanza. Uchunguzi wa nchi 33 uliotolewa 2021 ulikuta kiasi cha watu 4 katika kila 100 ya walioulizwa kwa mtandao wanayo maradhi haya, tena kwa vigezo vikali, vile vya madaktari vinavyoitwa vya Roma, vya 2016: tumbo liume walau siku moja kila wiki kwa miezi mitatu, na maumivu yafungamane na choo. Kwa vigezo vya zamani, vilivyokuwa vilegevu zaidi, walihesabiwa kiasi cha mmoja katika kumi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Gari moja la abiria la kutoka Wete likijaa, haikosi yumo mmoja. Ndiye yule aliyeng'ang'ania kiti cha mlangoni na hataki chai.

Mimi ni mmoja wao. Kabla sijaambiwa nina nini nilitibiwa homa ya matumbo, nikatibiwa amiba, nikaambiwa vidonda vya tumbo, na shangazi akanipeleka kwa mzee aliyesema ni chango, nikanywa mizizi. Vipimo vikirudi safi unaambiwa huna kitu. Yalinianza baada ya kuharisha vibaya msimu wa masika, na ndivyo yanavyowaanza wengi: katika kila watu kumi wanaopatwa na maambukizi makali ya tumbo, kiasi cha mmoja hubaki nayo hata vijidudu vikishaondoka. Visiwani kwetu, ambako mvua ikizidi tunaogopa kipindupindu, hilo halikustahili hata sentensi moja? Wala hakuandika kwamba mwenye kuona damu chooni au kukonda bila sababu asijiambie ni IBS, aende hospitali. Alichotuandikia ni kula maharage kwa wingi na pumba za ngano. Maharage! Maharage, vitunguu, thomu na ngano ndivyo vinavyotuchafua wengi wetu, maana vina sukari ambazo utumbo hauzifyonzi vizuri. Zinavuta maji, zikifika chini zinachachuka, na gesi ndiyo hiyo.

Basi nikwambie la mwezi uliopita. Nilikwenda ofisi moja ya umma hapa Chake, siitaji, kufuatilia hati ya kiwanja. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi, tumbo likaanza kunisokota. Nikamuuliza kijana wa mapokezi choo kiko wapi. "Choo cha wafanyakazi." Nikamwambia mwanangu, naumwa. Akanitazama juu mpaka chini. "Ufunguo anao Bi Fulani, na Bi Fulani kenda benki." Nikatoka mbio. Msikiti wa karibu umefungwa mpaka adhuhuri. Nikabisha hodi nyumba ya watu nisiowajua, mtu mzima na ndevu zangu, kuomba choo, na mama wa watu, Mungu amzidishie, akanionesha njia bila kuuliza neno. Narudi ofisini, jina langu limeshaitwa na limeshapita. "Mzee, tulikuita hukuwepo. Njoo Jumatatu." Na si ofisi hiyo tu. Majengo mapya tunakatiwa utepe, mna vyoo vya vigae vinavyong'ara, na kufuli limetiwa tangu siku ya utepe. Wanajengewa nani? Sokoni unalipa, na ukishalipa unaambiwa maji hakuna, utadhani ulilipia kivuli.

Msikitini wananiona najivuna kwa sababu kila nikitakiwa kuswalisha namsukuma mwengine mbele. Sijivuni. Udhu haunikai.

Mawazo yanazidisha, sikatai; ubongo na utumbo vinasikilizana, na madaktari wanasema hivyo. Lakini mwandishi wenu aseme mawazo hayo ni ya nini, kama si ya kufuli.

Kwa hiyo namkaribisha kwangu, nimpikie maharage yenye thomu kama alivyotuagiza, kisha tupande gari pamoja mpaka Mkoani, na dereva nitamwambia asisimame.

Ama ofisi, kila moja itafute kifuu cha nazi, kifuu kizima kisichoingia mkobani mwa Bi Fulani. Kitobolewe, kifungwe ufunguo wa choo kwa kamba ya makumbi, kitundikwe kwenye msumari mlangoni, kimo cha bega. Bajeti ikiwa hairuhusu, vifuu nitaleta mimi.

Jina langu unalo. Usilichape, mke wangu ana duka mjini.

Msomaji wako wa zamani,
Chake Chake, Pemba